Mwenye Mawazo Asiachwe Peke Yake



Lugha yetu ilitambua zamani jambo ambalo wataalamu wamelifikia kwa utafiti wa miaka mingi. Mtu aliyekosa usingizi, aliyepoteza hamu ya chakula, akikaa kati ya wenzake kana kwamba hayupo, hatusemi tu kwamba ana huzuni. Twasema, "Ana mawazo." Nasi twafahamu kwamba mawazo hayo si yale ya kupanga bei ya mahindi au karo ya watoto. Ni mawazo yanayojirudia usiku na mchana, yanayomla mtu kutoka ndani mpaka nguvu za kazi zimwishie.

Jamii inamtambua mgonjwa huyu, lakini baada ya kumtambua humpa maneno mawili: "Jikaze" na "Sali." Sala tunaithamini, wala hatutaichoka kuihimiza. Hata hivyo, aliyevunjika mguu humwombea na pia humpeleka kwa mganga wa mifupa. Aliyevunjika moyo anastahili vivyo hivyo.

Katika ukurasa huu twataka kueleza kwamba tiba ya mawazo ipo, kwamba haihitaji mashine wala dawa za bei ghali, na kwamba watu wa kawaida wanaweza kufundishwa kuitoa. Kwa kuwa mambo hayo matatu ni ya kweli, kuikosa tiba hiyo vijijini mwetu hakuwezi kuitwa bahati mbaya. Ni suala la haki.

TIBA HII NI IPI?

Wataalamu huiita tiba ya utambuzi na tabia. Mmoja wa walioweka msingi wake, katika miaka ya 1960, ni Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, aliyefariki dunia mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 100. Beck alikuwa amefundishwa kutafuta chanzo cha ugonjwa wa sonona katika mambo yaliyofichika ndani kabisa ya nafsi. Lakini alipowasikiliza wagonjwa wake aliona jambo lililo karibu zaidi. Kila mmoja alikuwa na maneno aliyojiambia kimyakimya, yaliyomjia bila kuitwa: "Sifai kitu." "Hakuna anayenijali." "Kesho haitakuwa na nafuu." Mgonjwa aliyapokea maneno hayo kama ukweli mtupu, bila kuyahoji.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza nyanya sokoni, ambaye mtaji wake umekwisha kwa sababu shehena nzima imeoza njiani. Hasara hiyo ni ya kweli, wala hakuna tiba inayopaswa kuikana. Lakini hasara ikifuatwa na neno, "Mimi ni mkosi kwa watoto wangu," mama huyu atajifungia ndani. Akijifungia, wateja na rafiki watampotea. Wakimpotea, atapata ushahidi mpya kwamba hakika yeye ni mkosi. Hilo ndilo gurudumu ambalo tiba hii hukusudia kulisimamisha.

Mshauri hamhubirii mama huyu, wala hamwambii kwamba mambo ni mazuri ilhali si mazuri. Humwuliza: Ni tukio gani lililotokea? Ulijiambia nini? Ulihisi nini moyoni na mwilini? Ukafanya nini? Kisha wawili hao hulipima lile neno kama wazee wa baraza wanavyoupima ushahidi. Ni nani aliyewalisha watoto hawa miaka yote? Kama jirani angepatwa na hasara hiyo hiyo, ungemwita mkosi? Pamoja na kuyapima maneno, hupanga matendo madogo ya wiki: kwenda sokoni asubuhi moja, kumtembelea dada, kurudi kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Mwenye hofu naye huikaribia hofu yake hatua kwa hatua badala ya kuikimbia. Kila kikao huisha na kazi ya kufanya nyumbani, kwa maana nusu ya tiba hutendeka huko. Kwa kawaida vikao huwa kati ya 6 na 20, kisha mgonjwa hubaki na ujuzi wa kujisaidia mwenyewe.

Hatusemi kwamba tiba hii yatosha kwa kila ugonjwa. Anayesikia sauti zisizokuwapo, au aliyepotewa na fahamu za mambo yalivyo, anahitaji hospitali na mara nyingi dawa. Na anayesema kwamba anataka kujiua asiachwe peke yake hata saa moja. Afikishwe kwa wahudumu wa afya siku hiyo hiyo. Tena apokewe kama mgonjwa, si kama mhalifu. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua mwezi Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba. Ni uamuzi unaostahili kutafakariwa na majirani pia.

SI KAZI YA MADAKTARI PEKE YAO

Wapo watakaosema: "Hayo ni ya Ulaya na Marekani. Sisi tutawapata wapi wataalamu?" Jibu limekwisha kutolewa na nchi zisizo na utajiri kutuzidi sana.

Nchini Pakistan, katika vijiji vya wilaya ya Rawalpindi, wanawake wahudumu wa afya vijijini walifundishwa kuitumia tiba hii kwa akina mama waja wazito na waliojifungua wenye sonona. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kati ya akina mama 903 walioshiriki, miezi sita baada ya kujifungua asilimia 23 ya waliopata tiba walikuwa bado wagonjwa. Kati ya waliotembelewa na wahudumu wasiopewa mafunzo hayo, walikuwa asilimia 53.

Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, kazi ya mabibi 14. Mabibi hao walikaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakawasaidia kuyapanga matatizo yao na kutafuta njia ya kuyatatua, mbinu iliyo ndugu wa karibu wa tiba tunayoieleza. Washona huuita ugonjwa huo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Nasi tunaosema "ana mawazo" hatuhitaji mkalimani. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lililohusisha zahanati 24 na wagonjwa 573, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Karibu zaidi nasi, watoto 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na wazazi walishirikishwa katika jaribio huko Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, mijini na vijijini. Baadhi yao, pamoja na walezi wao, walipata aina ya tiba hii iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto waliojeruhiwa mioyo, katika vikao 12 vya vikundi na vikao vichache vya mtoto peke yake. Waliowahudumia hawakuwa wataalamu wa afya ya akili. Walikuwa raia wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Tiba ilipokwisha, katika maeneo matatu kati ya manne watoto hao walikuwa na nafuu kuliko wenzao waliopata msaada wa kawaida. Baada ya mwaka mmoja tofauti hiyo ilionekana bado upande wa Kenya, lakini upande wa Tanzania wenzao nao walikuwa wamepata nafuu iliyolingana. Twasema hayo yote kwa sababu ukweli nusu haumsaidii mgonjwa. Tiba hii ni chombo chema, wala si muujiza.

JE, TUNAMWAMBIA MASKINI ABADILI MAWAZO TU?

Hapa msomaji wa kijitabu cha Haki na Amani ana haki ya kuuliza swali gumu. Kama mtu amenyang'anywa shamba, je, tumfundishe kuwaza vizuri juu ya kunyang'anywa? Kama mke anapigwa, je, tumpe vikao vya kumwezesha kuvumilia?

Jibu letu ni hapana, tena bila kusitasita. Tiba inayomzoeza mtu dhuluma ni dhuluma ya pili. Lakini tiba hii ikitumiwa kwa uaminifu hutenga mambo mawili ambayo dhuluma huyachanganya: shida iliyo nje, na hukumu ambayo mtu amejihukumu ndani. Shida ya nje hutafutiwa ufumbuzi. Aliyenyang'anywa shamba aende kwenye baraza la ardhi; anayepigwa apate mahali pa usalama na polisi waarifiwe kwa ridhaa yake. Hukumu ya ndani, ile isemayo "nilistahili", ndiyo inayopimwa na kukataliwa. Mtu anayeamini kwamba hafai kitu hadai haki yake, kwa kuwa hadhani kwamba anayo. Kumrudishia mtu huyo uwezo wa kujiona binadamu kamili ni mwanzo wa kudai haki, si mbadala wake.

SIMU MKONONI

Siku hizi tiba hii hutolewa pia kwa njia ya intaneti. Mgonjwa hufungua masomo katika simu au kompyuta, hujaza mazoezi, hufuata hatua kwa hatua. Kwa kijana anayeona haya kuonekana mlangoni kwa mshauri, au anayeishi mbali na hospitali ya mkoa, hii ni habari njema. Shirika la Afya Duniani limetengeneza programu ya namna hiyo na kuijaribu nchini Lebanon kwa Walebanoni na kwa wakimbizi wa Syria. Mgonjwa hakuachiwa simu peke yake. Kila wiki alizungumza kwa muda mfupi na msaidizi aliyefundishwa, na majaribio hayo yalionyesha nafuu.

Tulinganishe na Uingereza. Jaribio lililochapishwa huko mwaka 2015 lilihusisha wagonjwa 691 wa sonona. Waliopewa programu za kompyuta pamoja na huduma ya daktari wao hawakupata nafuu iliyozidi ya wale waliopata huduma ya daktari peke yake. Wengi waliziacha programu hizo mapema, ijapokuwa walikuwa wakipigiwa simu za kuwakumbusha. Fundisho ni wazi: mashine huweza kubeba somo, lakini anayemfanya mgonjwa arudi wiki ijayo ni binadamu anayemfahamu na kumngojea.

Ipo pia hatari ya siri kutoka nje. Nchini Ufini, kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa wa kampuni moja ya tiba ya mazungumzo ziliibwa kutoka kwenye kompyuta, na mwaka 2020 wagonjwa wenyewe wakaanza kudaiwa fedha ili siri zao zisitangazwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Sheria hizo ni ngao, lakini ngao haimlindi asiyeishika. Kabla ya kuandika siri za moyo katika simu, mtu aulize: Ni nani atakayezisoma? Zinahifadhiwa wapi? Naweza kuzifuta? Tusisahau pia kwamba katika nyumba nyingi simu ni moja kwa watu watano, na bando huisha kabla ya somo kwisha.

TUNAPENDEKEZA NINI?

Kwanza, viongozi wa jumuiya ndogondogo waache kuwaita wagonjwa hawa wavivu, wenye kulogwa au watu wa Milembe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini ni dhihaka zetu zinazomfanya mtu ayafiche.

Pili, kila halmashauri ya walei itafute watu wawili au watatu, hasa akina mama na wazee wanaoaminika, walio tayari kufundishwa. Sifa ya kwanza si elimu kubwa. Ni uwezo wa kusikiliza bila kukatiza na kutunza siri bila kuonjesha hata nyumbani.

Tatu, mafunzo hayo yaombwe kwa wataalamu wa hospitali ya wilaya au mkoa, nayo yaambatane na usimamizi wa kudumu. Mabibi wa Harare hawakufundishwa na kuachwa. Mshauri asiye na wa kumwuliza huweza kuumiza, na huweza kuelemewa yeye mwenyewe.

Nne, patengwe mahali tulivu, penye kuonekana lakini pasiposikika. Benchi chini ya mwembe latosha.

Tano, anayetaka kutumia simu asaidiwe na mtu wa kumfuatilia kila wiki, kwa kuwa sehemu hiyo ya kazi ndiyo iliyo ndani ya uwezo wa parokia.

Sita, tuwaulize madiwani na wabunge wetu, kwa heshima lakini bila kuchoka: katika bajeti ya afya ya mwaka huu, ni kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya wagonjwa wa akili walio nje ya hospitali kubwa? Anayeomba kura ya maskini awe na jibu.

Wapendwa, mwenye homa hujulikana kwa kuguswa paji la uso. Mwenye mawazo hajulikani mpaka mtu akae naye na kumwuliza, kisha angojee jibu. Kazi hiyo haingojei kujengwa kwa hospitali. Wiki hii, katika kila jumuiya, yupo mtu ambaye hajaonekana kwa muda. Aendewe.