Radhi za Mama Hazitumwi kwa Simu

Leo hatuzungumzii magauni wala hina. Tunazungumzia jambo tunalolisikia dukani kila tunapochukua vipimo: mama anaumwa, watoto ni wanne au watano, lakini anayeuguza ni mmoja, na huyo mmoja ni binti. Ukiuliza wenzake wako wapi, jibu ni moja: "Wanatuma."

Sisi tumeyapitia. Mama yetu alipasuliwa saratani ya kongosho, na alipopata nguvu akaanzishiwa dripu za dawa za saratani. Siku ya operesheni jamaa walijaa hadi nje ya wodi. Dripu ya tatu alikuwepo mama, sisi mabinti, na kikapu cha uji.

Watu wanadhani operesheni ndiyo kazi yenyewe, na dripu ni kama sindano ya malaria, unachomwa unarudi nyumbani. Sivyo. Baada ya operesheni ya kongosho, dawa hizi kwa kawaida huchukua kama miezi 6. Katika mpango mmoja unaotumika sana, dripu huja kila baada ya wiki mbili, mara 12. Wagonjwa wengi wa visiwani huvuka bahari kwenda Ocean Road, Dar es Salaam. Hebu fikiria kurudi na boti, bahari imechafuka, na tumbo la mama nalo limechafuka.

Nyumbani ndiko kwenye kazi zaidi. Dawa hizi hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi. Homa ikifika nyuzi 38 husubiri asubuhi wala humpi panadoli ukalala. Unampeleka hospitali usiku ule ule. Kwa hiyo lazima awepo mtu macho, na kipimajoto mkononi. Kongosho ndilo linalosaidia kusaga chakula na kurekebisha sukari, na likishakatwa, chakula kingi humpita mgonjwa bila kumfaa. Wengi hupewa vidonge vya kumeza pamoja na chakula, si saa nzima baadaye. Anakula kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Sukari hupimwa. Zipo dawa zinazofanya maji ya baridi yamchome vidoleni na kooni, hata kufungua friji inakuwa shida. Na mgeni mwenye mafua inabidi azuiliwe mlangoni kwa adabu, kisha ubebe lawama zake.

Sasa tuambieni, katika hayo ni lipi linalofanywa na ujumbe wa "umepokea kiasi cha shilingi"?

Hatudharau pesa. Vipimo, dawa na nauli vina bei, na anayelipa ana ajri yake kwa Mwenyezi Mungu. Tunachokataa ni pesa kugeuzwa hati ya kusamehewa kila kitu.

Wanasema, mwanamme hawezi kumwogesha mama yake. Sawa, stara ni stara, hilo tuachieni. Lakini kuna aibu gani kumshika mkono kupanda boti? Kukaa naye saa nne au tano dripu ikishuka? Kukorogea uji, kupima homa saa nane za usiku, kuandika daftarini dawa ipi imemezwa saa ngapi?

Wanasema, nina kazi. Na sisi je? Cherehani likisimama hakuna mshahara mwisho wa mwezi, na harusi ya mteja haiahirishwi kwa sababu fundi yuko hospitali.

Wengine wanasema, mke wangu atamwangalia. Hapa ndipo tunapokasirika kabisa. Mashekhe wengi wametufundisha kuwa kumhudumia mkwe ni wema na ihsani ya mke, si deni lake. Deni ni la mtoto aliyemnyonya. Mtu alimwendea Mtume (S.A.W) akamuuliza nani anastahiki zaidi wema wake, na mama akatajwa mara tatu kabla ya baba. Aliyeuliza alikuwa mwanamme. Hakuambiwa amtafute dada yake.

Mabibi harusi, hili linawahusu. Mnakaa na somo mkafundishwa kufukiza udi na kupokea mume, vizuri. Ongezeni swali moja kabla ya akdi: mama yangu akiugua tutafanyaje, na mama yako akiugua wewe utafanya nini? Si yule mke atafanya nini. Atakayejibu kwa utulivu mshikeni. Atakayecheka, mmeshajua.

Na kwa familia ambazo tayari zina mgonjwa, itisheni kikao wiki hii. Andikeni ratiba kwenye karatasi, kila mtoto na dripu yake, kila mtoto na usiku wake. Aliye mbali, Maskati au London, alipe msichana wa kusaidia kufua na kupika, na ampigie mama mwenyewe, si kumpigia dada kuuliza "anaendeleaje" kisha akate. Binti anayeuguza apate siku ya kulala. Akichoka yeye, mama hana mwengine.

Tunajua wapo kaka watakaosoma haya kwenye simu za wake zao wakasema mabinti wa siku hizi wana mdomo. Na waseme. Mama akiondoka, wao ndio watakaosimama mbele kubeba jeneza, na watu watawaita watoto wema. Sisi tunataka wambebe sasa, akiwa bado anaweza kuwaambia ahsante mwanangu.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu, awalipe kheri wanaowauguza, na awaamshe waliolala. Amin.