Farasi 12, wapandaji 11

Msomaji wangu, wiki hii nina ugomvi wa nyumbani kwangu mwenyewe wa kukusimulia, nao ulianzishwa na watu wenye urefu wa sentimita mbili na nusu.

Huku Leicester tunakoishi, mwezi wa Novemba giza huingia saa kumi na nusu jioni. Mtoto wa miaka 13 asiyependa mpira hana pa kwenda isipokuwa kwenye simu. Jumamosi moja niliingia na Baraka kwenye duka la mitumba kumtafutia koti. Tulitoka na koti, pamoja na kasha la kadibodi la pauni 2 ambalo hakutaka kuliachia. Ndani yake mlikuwa na wapanda farasi 12 wa plastiki wa jeshi la Napoleon, wale wazito waliokuwa wakivaa dirii. Wasomaji wa Biblia wanalijua neno hilo. Kwa wengine, ni bamba la chuma la kukinga kifua. Kila kitu kimepunguzwa mara 72, hivyo mtu wa mita 1.8 anabaki milimita 25.

Mama Baraka alipowakuta mezani hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alisema tu, kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, "Papa Baraka, sitaki basoda ku meza yangu," akaenda kulala saa mbili usiku. Basoda, kwao, ni askari. Mwaka 1996 vita ilipofika Bukavu alikuwa mdogo kuliko Baraka alivyo sasa. Hajawahi kunisimulia yote, nami sijawahi kumlazimisha.

Nikawahamishia chumbani kwa mtoto, juu ya ubao wa kupigia pasi. Baadhi yenu mtasema nilipaswa kuwatupa, na nilikaribia. Lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu tuhamie huku kumwona kijana wangu amekaa jioni nzima bila simu, ulimi nje, akiniambia mambo bila kuulizwa.

Moja ya mambo aliyoniambia ni kwamba wanaoshwa kwanza. Sikumsikiliza. Plastiki yao ni laini kama ya ndoo, hupinda bila kuvunjika, na hutoka kiwandani na utelezi wa ile dawa inayozuia isigande kwenye kalibu. Nilichukua brashi nikapaka farasi watatu rangi ya kahawia usiku uleule, nikajisifu. Asubuhi Baraka alipinda mguu wa mmoja kwa kidole, rangi ikabanduka kama ganda la yai. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Tukawasugua wote kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, tukawaanika usiku kucha, ndipo tukapuliza praima, kisha rangi ya akriliki nyepesi, mkono juu ya mkono. Mwisho kabisa hupakwa vanishi, maana watashikwashikwa.

Farasi ndio kazi. Mimi nimekulia Tanga, farasi nilimwona kwenye picha. Nilidhani kahawia ni kahawia. Baraka alinionyesha kwamba unaanza na kahawia ya kawaida, unamiminia juu yake nyeusi iliyozimuliwa kwa maji ikae kwenye mikunjo ya misuli, halafu unarudi na rangi iliyopauka mgongoni na mapajani ambako jua lingepiga. Pua iwe nyeusi. Ukitaka kumtia soksi nyeupe miguuni, usimtie zote nne kila farasi, la sivyo wanafanana kama sare za shule.

Kisha siku moja narudi kazini namkuta na wembe, anakata kofia za askari. Manyoya marefu meusi yanayoning'inia nyuma ya kofia, yote chini. Hata kofia yenyewe ameikwangua kwa juu. Nilimkemea vibaya. Nilimwambia hajui thamani ya pesa, nikamwambia na mengine ambayo hayakuhusu kofia. Siku nne hakunisemesha zaidi ya "shikamoo".

Siku ya tano nilikuta kitabu cha maktaba kimeachwa wazi kwenye kiti changu. Kumbe Ufaransa ilikuwa na rejimenti mbili za wapanda farasi walioitwa karabinieri. Mwaka 1809 Napoleon aliamuru nao wavae dirii, lakini yao ilifunikwa shaba ya njano, koti jeupe, na kofia isiyo na manyoya ya kuning'inia bali shungi jekundu juu, kama jogoo. Hawa hawamo kwenye kasha letu. Mtoto alikuwa anawatengeneza kutokana na waliomo. Nilimwomba radhi. Alisema, "Sawa, Baba," akaniomba nimshikie kurunzi.

Ukurasa uliofuata ulikuwa na picha ya dirii moja halisi, iliyopo kwenye makumbusho ya jeshi ya Invalides, Paris. Kifuani, upande wa kulia, ina tundu la risasi ya mzinga. Mgongoni ina jingine, risasi ilikotokea. Mwenyewe aliitwa Fauveau, karabinieri, aliyeuawa Waterloo tarehe 18 Juni 1815.

Mama Baraka aliikuta picha hiyo alipoingia kukusanya nguo za kufua. Alisimama nayo muda mrefu. Hakuniuliza mimi, alimuuliza mtoto: "Huyu alikuwa na miaka ngapi?"

"Ishirini na mitatu."

Aliweka nguo chini. Akaangalia mashungi ambayo Baraka alikuwa akihangaika kuyafinyanga kwa puti, nayo yanadondoka, kwa sababu plastiki hii haipendi gundi. Akatoka, akarudi na kopo lake la kushonea. Walikata pini vipande vifupi, wakavichomeka kwenye kila kofia, wakazungushia uzi mwekundu wa cherehani uliolowekwa gundi. Ulishika. Mimi nilifukuzwa kwa kuzuia mwanga.

Sasa wamefika wanane. Nyeupe ya koti inatusumbua, kwani ukiipaka moja kwa moja inakuwa kama chokaa. Inabidi uanze na kijivu, nyeupe uiguse kwenye matuta tu. Mezani bado hawaruhusiwi, hilo halijabadilika, na silijadili. Wanakaa juu ya friji.

Juzi mama yao aliwahesabu akifuta vumbi, akauliza kwa nini farasi ni 12 na wapandaji wamepangwa 11. Baraka alimwonyesha yule wa mwisho, mweusi, tandiko tupu, hatamu imelegea shingoni.

"Huyo ni wa Fauveau," alisema.