Mabilioni ya Pingu, Makombo ya Mahakama



Julai 4, 2025, wakati Wamarekani wanachoma nyama na kurusha fataki, Rais Donald Trump alitia sahihi sheria kubwa ya bajeti. Wengi wetu tulisikia habari za kodi na bima ya afya, basi. Lakini ndani yake kulikuwa na takriban dola bilioni 170 za ulinzi wa mpaka na mambo ya uhamiaji. Naomba niwachambulie kidogo. Sisi wahandisi tumefundishwa kwamba ukitaka kujua mashine imekusudiwa kufanya nini, usisome tangazo lake, angalia umeme umepelekwa wapi.

Umepelekwa hivi. Dola bilioni 46.5 ni za ukuta. Bilioni 45 ni za kuweka watu mahabusu. Karibu bilioni 30 ni za ICE, idara inayokamata watu na kuwarudisha makwao, ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikijiendesha kwa takriban bilioni 10 kwa mwaka. Fedha hizi zina muda wa kutumika mpaka Septemba 30, 2029, kwa hiyo si upepo wa kupita.

Sasa njoo upande wa pili. Mtu akishakamatwa, au akishaomba hifadhi, wa kuamua kama abaki au aondoke ni jaji wa uhamiaji. Mahakama hizo ziko chini ya Wizara ya Sheria, na wizara hiyo ilipewa kama dola bilioni 3.3 tu, nazo ni za kugawana na kazi nyingine kibao. Sheria ileile ikaongeza kwamba kuanzia Novemba 1, 2028, majaji wa uhamiaji wasizidi 800 nchi nzima. Na mwaka huohuo wa 2025 makumi ya majaji waliachishwa kazi.

Tupige hesabu pamoja. Kesi zilizorundikana mwaka 2025 zilikuwa zaidi ya milioni 3. Gawanya kwa majaji 800: kila mmoja ana mafaili yasiyopungua 3,750 mezani. Tuseme jaji ni hodari kwelikweli, anamaliza kesi 3 kila siku ya kazi, siku 250 kwa mwaka. Hizo ni kesi 750. Atahitaji miaka 5 kumaliza yaliyopo, kama hakuna hata mtu mmoja mpya atakayeletwa. Na huku wanaoleta watu wapya wameongezewa fedha mara kadhaa!

Jamani, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akinichorea mfumo wa maji wenye bomba nene la kuingizia na mrija wa soda wa kutolea, nitamwambia tangi litafurika. Na limefurika kweli. Januari 2025 waliokuwa mahabusu za ICE walikuwa kama 39,000. Kufikia Novemba mwaka huohuo walipita 65,000, na wengi wao hawakuwa na hukumu yoyote ya jinai. Kwetu Buffalo mahabusu yenyewe iko Batavia, mwendo wa kama dakika 40 kwa gari.

Mimi sibishi kwamba kila nchi ina haki ya kulinda mpaka wake. Hoja yangu ni kwamba nchi inayotaka kweli kujua nani ana haki ya kubaki na nani hana, hutia fedha kwa yule anayeamua. Hii imetia fedha kwa anayekamata.

Tena kuna hili la ada. Zamani kuomba hifadhi hapa kulikuwa bure. Sheria hii iliweka ada ya dola 100 ya kuomba, na dola 100 nyingine kwa kila mwaka ambao ombi bado halijaamuliwa. Yaani anayechelewesha ni serikali, anayelipia kuchelewa ni mkimbizi! Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka.

Sisi tunaokaa Black Rock mpaka hatuusomi kwenye magazeti, tunauona. Mto Niagara ule pale, ng'ambo ni Fort Erie, Kanada, na daraja la reli linalotoka mtaani kwetu kwenda huko lilifunguliwa mwaka 1873. Kabla ya daraja kulikuwa na kivuko, na watu Weusi waliotoroka utumwa kusini walipita hapa kutafuta uhuru. Mwaka 1850 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwakamata popote walipo, hata katika majimbo yasiyokuwa na utumwa. Kamishna aliyesikiliza kesi alilipwa dola 10 akiamua mtu arudishwe utumwani, na dola 5 akimwachia huru. Watetezi wa sheria walisema zile tano za ziada ni za kuandika makaratasi. Watu wa Buffalo hawakuwa wajinga, walijua ile fedha ilikuwa inanunua nini.

Sisemi kwamba uhamiaji wa leo ni utumwa wa jana. Ninachosema ni kwamba fedha ya serikali huwa na mwelekeo, na uamuzi huufuata. Na leo hata kuvuka mto hakusaidii sana. Kwa mkataba wa Marekani na Kanada ulioanza Desemba 2004 na kupanuliwa Machi 2023, anayeomba hifadhi akivukia Fort Erie hurudishwa huku, isipokuwa kama anaangukia kwenye vipengele vichache, kama vile kuwa na ndugu wa karibu Kanada.

Tusijifanye kwamba haya ni ya wazungu peke yao. Kenya ilianza mwaka 2015 kujenga ukuta mpakani na Somalia. Kufikia Machi 2019, Bunge liliposimamisha kazi, zilikuwa zimetumika kama shilingi bilioni 3.4 kwa uzio wa takriban kilomita 10. Tanzania nayo, mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ilifukuza maelfu ya watu Kagera, Kigoma na Geita, wengine wakiwa wameishi pale miaka na miaka, wameoa na kuzaa. Fedha za kufukuza zilipatikana upesi. Za kusikiliza nani ni nani, ndizo zilizokosekana.

Najua kuna mwenzetu anasoma hapa huku anasema: "Mimi nina viza ya masomo, makaratasi yangu safi, hayanihusu." Ndugu yangu, ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Majira ya kuchipua 2025, zaidi ya wanafunzi 4,000 wa kigeni walifutiwa rekodi zao kwenye mfumo wa serikali, wengine kwa kosa dogo la barabarani. Zilirudishwa mwishoni mwa Aprili baada ya wanafunzi kwenda mahakamani. Sikia hapo: baada ya kwenda mahakamani. Na usidhani ni sisi wa mpakani tu. Columbus haiko mpakani, lakini Desemba 2025 maofisa wa ICE walimwagwa huko. Bajeti kubwa haikai mpakani, inakufuata mpaka dukani.

Basi tufanye nini? Kura wengi wetu hatuna, lakini si kwamba hatuna kitu.

Kwanza, Kiswahili chetu. Wakongo, Warundi na Wasomali Wabantu wa hapa Buffalo wana vyeti, barua na hati za polisi ambazo mahakama haizipokei bila tafsiri ya Kiingereza. Sheria haidai mfasiri awe na leseni. Inadai atie sahihi kwamba anazimudu lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi. Nani kati yetu hawezi? Napendekeza jumuiya itenge Jumamosi mbili kila mwezi kwa kazi hiyo, kwa kushirikiana na mawakili wanaosaidia bure. Mahakama ya uhamiaji haimpi mtu wakili wa serikali, kwa hiyo kila karatasi iliyo tayari ni msaada mkubwa.

Pili, wenzetu ambao wameshapata uraia waende ofisi ya mbunge wao na swali moja tu: kwa nini majaji wamewekewa kikomo na vitanda vya mahabusu havikuwekewa? Wasiombe hisani, waombe jibu.

Tatu, tujue haki zetu kabla ya kuzihitaji. Tembea na nyaraka zako. Jua tofauti ya hati iliyosainiwa na jaji na ile iliyosainiwa na ofisa wa idara, maana hii ya pili haimpi mtu ruhusa ya kuingia nyumbani kwako usipomkaribisha.

Wengi wetu tutarudi nyumbani, na wengine tutakaa kwenye ofisi zinazopanga bajeti. Siku hiyo fedha ya mpaka ikiletwa mezani, tuulize: ya pingu ni ngapi, na ya mahakama ni ngapi?

Naomba kutoa hoja.