Mbio za miguu hazipimi mapafu

Ndugu mfanyakazi, pengine wewe ni mtu wa mbio. Siku ya Mungu unacheza mpira dakika 90 bila kuchoka. Mganga wa kompanyi anapokuita kupuliza katika mashine, unajibu: «Mapafu yangu ni mazima, si unaona ninavyokimbia?» Jibu hilo halifai, na mashahidi wangu ni wakimbiaji wenyewe, wale wa kwanza duniani.

Mwaka 1984, kwa Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles, timu ya Marekani ilikuwa na watu 597. Waganga walikuta 67 kati yao njia zao za pumzi hubana kwa ajili ya mazoezi. Hao 67 walipata medali 41! Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyekimbia marathoni ya London mwaka 2003 kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, ni mtu wa pumu tangu ujana wake.

Mtu aliyeketi hupumua litri 6 ao 8 za hewa kwa dakika. Mkimbiaji hodari hupita 150. Hewa hiyo nyingi hupita mdomoni, haipashwi moto wala kulowanishwa na pua. Njia za pumzi zinakauka, kisha zinabana, mara nyingi dakika chache baada ya kusimama. Lakini yuko anayekohoa bila ugonjwa huo, na yuko mwenye nao asiyesikia kitu. Kwa hiyo waganga wa michezo hawaamini maneno matupu. Mwanamichezo anapuliza kwa nguvu, hewa ya sekunde ya kwanza inapimwa. Kisha anakimbia, ao anapumua haraka hewa kavu kwa dakika 6, na kupuliza tena. Hewa ikipungua 10 kwa 100 ao zaidi, ugonjwa umeonekana.

Tena wengi wao wana mapafu makubwa kupita watu wengine. Mtu wa namna hiyo anaweza kupoteza sehemu kubwa ya pumzi na bado hesabu yake ikaonekana nzuri mbele ya watu wa umri na urefu wake. Dawa ni moja: kumlinganisha na hesabu yake mwenyewe ya zamani. Hapo ndipo panapotugusa sisi wa mgodi, na wewe mwenye mbio kuliko wote.

Maana pumu ya mkimbiaji hulegea baada ya saa moja hivi, ao kwa dawa ya kuvuta. Vumbi la mawe, lile la silika, linaacha makovu yasiyofutika, linafungulia mlango kifua kikuu, na mwanzoni halisemi neno. Kwa sababu hiyo kupuliza hakuondoi picha ya radio. Vyote viwili vinatakiwa.

Kwa maoni yangu, muhuri wa «apte» peke yake hautoshi. Kila mfanyakazi apewe hesabu zake kwenye karatasi, azitunze nyumbani pamoja na kitabu cha ndoa. Nawe mama, usiku ni wewe unayesikia kikohozi. Kikipita wiki mbili, mpeleke akapimwe makohozi, hata kama jana alifunga magoli matatu.

Siku ya kupuliza, usivute sigara asubuhi, legeza mkanda, puliza mpaka mwisho, na umwulize anayekupima: «Mwaka jana ilikuwa ngapi?»