Usikubali Linux yako ifutwe kisa SSD

Wadau, juzi fundi alitaka aifute Linux yangu aweke Windows, eti ndo njia pekee ya kusasisha famwea, ile programu ndogo inayoiendesha SSD. Nikagoma. Oda zote za duka ziko humo!

Kwenye teminali andika fwupdmgr refresh, kisha fwupdmgr get-updates. Toleo jipya la SSD yako likionekana, malizia na fwupdmgr update. Lisipoonekana, cheki tovuti ya kampuni yake. Samsung kwa mfano wanatoa faili la ISO, unaliandika kwenye flashi na kuwashia kompyuta hapo. Windows ya nini sasa?

Ila kopi kwanza oda, picha na madeni ya wateja kwenye flashi nyingine. Na kwa umeme wetu huu, betri ijae na chaja iwe imechomekwa. Ukikatika katikati, SSD inaweza isiwake tena.