Kadi za grafiki: Kasi pekee haimlindi mwenye mzigo

WAFANYABIASHARA wengi wa kompyuta hupanga oda zao kwa kutazama jedwali la kasi. Kadi ya grafiki inayoshika nafasi ya kwanza katika michezo ya kompyuta ndiyo inayoagizwa, kwa imani kwamba bidhaa bora haikosi mnunuzi. Mnunuzi atapatikana, ndiyo. Suala ni bei atakayokuwa tayari kulipa siku mzigo utakapofika dukani, na bei hiyo hutegemea zaidi nani anashindana na kadi hiyo kuliko kasi yake.

Mfano mzuri ni wa mwaka 2008. Juni mwaka huo kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitoa kadi ya GeForce GTX 280 kwa dola 649. Siku chache baadaye AMD, iliyokuwa imeinunua kampuni ya ATI mwaka 2006, ikaja na Radeon HD 4870 kwa dola 299. Kadi ya AMD haikuipita ile ya Nvidia kwa kasi, lakini iliikaribia kiasi cha kumfanya mnunuzi ajiulize dola 350 za ziada ni za nini. Katika muda wa wiki chache GTX 280 ikashushwa hadi dola 499. Wachezaji walishangilia. Aliyejaza rafu kwa bei ya zamani hakuwa na la kushangilia.

Hali kama hiyo ilijirudia baadaye, ila katika ngazi ya pili tu. Mwaka 2022 Nvidia ilitoa RTX 4090 kwa dola 1,599 na RTX 4080 kwa dola 1,199. Desemba mwaka huo AMD ikajibu kwa RX 7900 XTX ya dola 999, kadi iliyokuwa na uwezo wa kupambana na RTX 4080 katika michezo mingi, lakini haikuifikia RTX 4090. Januari 2024 Nvidia ilileta RTX 4080 Super, yenye kasi kidogo zaidi, kwa dola 999. Mwenye duka aliyekuwa na kadi kumi za RTX 4080 ghalani aliona thamani ya dola 2,000 ikiyeyuka kwa tangazo moja. Bei rasmi ya RTX 4090, isiyokuwa na mpinzani, haikuguswa.

Septemba 2024 ofisa wa AMD, Jack Huynh, alieleza kwamba kampuni hiyo ingetanguliza kupanua sehemu yake ya soko kuliko kugombea kilele. Miezi michache baadaye, Januari 2025, Nvidia ilitoa RTX 5090 kwa dola 1,999. Kwenye skrini za 4K kasi yake ilizidi ya RTX 4090 kwa kati ya robo na theluthi. Bei ilipanda kwa robo. Matumizi ya umeme nayo yalipanda kutoka wati 450 hadi 575. Kwa maneno mengine, mnunuzi alitozwa karibu kila hatua ya maendeleo aliyopewa. Ushindani ulibaki chini: AMD ilitoa RX 9070 XT Machi 2025 kwa dola 599, dhidi ya RTX 5070 Ti ya dola 749.

Je, ina maana kwamba kadi ya kileleni ni mzigo salama? La hasha. Ikikosa mpinzani wa nje, huangushwa na mdogo wake wa tumbo moja. Septemba 2020 Nvidia ilitangaza RTX 3070 ya dola 499 kuwa inaweza kushindana na RTX 2080 Ti, ambayo yenyewe ilikuwa imeiuza kwa dola 1,199. Bei za mitumba za RTX 2080 Ti ziliporomoka kabla hata kadi mpya haijafika madukani.

Hata hivyo, si kila tangazo ni la kukimbilia. Januari 2025 mkuu wa Nvidia, Jensen Huang, alisema RTX 5070 ya dola 549 ingetoa utendaji wa RTX 4090. Hesabu hiyo ilitegemea programu inayobuni picha za ziada kati ya zile halisi. Wapimaji huru walipoipata kadi hiyo Machi, waliiona iko mbali sana na RTX 4090. Aliyeuza RTX 4090 kwa bei ya hofu mwezi Januari alijipunja mwenyewe.

Mwekezaji wa hisa naye asidanganywe na sifa za kadi. Katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 2025, mapato ya Nvidia yalikuwa dola bilioni 130.5. Michezo ya kompyuta ilichangia zaidi kidogo ya bilioni 11, chini ya asilimia 9. Sehemu kubwa ilitokana na vituo vya data. Anayenunua hisa hizo kwa sababu RTX 5090 imeshinda majaribio ananunua biashara nyingine asiyoichunguza.

Kwa mwenye duka, njia ya busara ni kugawa mzigo. Kadi za ngazi ya pili ziagizwe kidogo kidogo na ziuzwe haraka, kwa kuwa huko ndiko wapinzani wanakokatana bei. Kadi ya kileleni iagizwe mteja akiwa ameshaweka malipo ya awali. Na katika daftari, pembeni ya kila bei ya ununuzi, iandikwe tarehe ambayo toleo jipya linatarajiwa. Wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari.