Mwanamke Mpiganaji Hakuwa Msaidizi

Kila mwaka ifikapo tarehe 7 Aprili, Msumbiji huadhimisha Siku ya Mwanamke. Ndiyo tarehe aliyofariki Josina Machel mjini Dar es Salaam mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka 25. Jina lake linajulikana sana. Wanaosahauliwa ni wanawake wenzake aliobeba nao silaha.

FRELIMO ilipoanza vita dhidi ya ukoloni wa Kireno mwezi Septemba 1964, wengi walidhani kuwa kazi ya mwanamke ni kupika na kuchota maji. Fikra hizo hazikuwa za mkoloni peke yake. Zilikuwamo pia vichwani mwa baadhi ya wapigania uhuru wenyewe. Hata hivyo, mwaka 1967 wasichana 25 walianza mafunzo ya kijeshi katika kambi ya Nachingwea, kusini mwa Tanzania. Miongoni mwao alikuwamo Josina, ambaye jaribio lake la kwanza la kutoroka Msumbiji lilikuwa limemwingiza gerezani. Ndivyo kilivyozaliwa Kikosi cha Wanawake.

Wanawake hao walisafirisha risasi na chakula kwa miguu, wakalinda maeneo yaliyokombolewa, wakawatunza majeruhi na yatima, na wakawaeleza wanavijiji shabaha ya vita. Msichana aliyesimama hadharani na bunduki begani, akahutubia wazee, alikuwa amekwisha kuvunja mila mbili za unyonge: kumwogopa Mreno na kunyamaza mbele ya wanaume.

Lakini wapo waandishi wa historia ambao hadi leo husema kwamba wanawake hao “walisaidia” vita. Neno hilo ni dogo, tena si la haki. Jeshi la msituni lisilo na malori wala ndege huishi kwa migongo ya wabebaji wake, na risasi isiyofika mstari wa mbele haimpigi adui. Mwanamume aliyebeba sanduku la risasi huitwa askari. Kwa nini mwanamke aliyebeba sanduku hilo hilo, katika njia ile ile, aitwe msaidizi?

Samora Machel alilijibu swali hilo mwaka 1973, ulipoundwa Umoja wa Wanawake wa Msumbiji. Alieleza kwamba kumkomboa mwanamke si hisani, bali ni sharti la mapinduzi yenyewe. Miaka miwili baadaye nchi ilijitawala.

Basi mwalimu anayefundisha ukombozi wa Kusini mwa Afrika asitosheke na picha ya shujaa mmoja. Awaeleze wanafunzi kazi iliyofanywa na wengi. Na mtumishi wa serikali, popote alipo, anayeandika orodha ya wapiganaji wa zamani, asiulize tu nani alifyatua risasi. Aulize pia nani aliifikisha. Taifa linalowapunguzia heshima waliolikomboa hujipunguzia historia yake lenyewe.